Mshauri wa Pili

Hukumu ambayo siku hizi wanafunzi wa sheria wanaisoma, ile ya mwanamke wa Sigino na shamba la baba yake, ilianzia kwenye chumba chenye madirisha mawili na mabenchi sita. Mimi nilikuwemo. Tulikuwa watu watatu wa kuamua, na wawili kati yetu tulimnyima. Wa tatu, hakimu kijana ambaye ndevu zake zilikuwa bado hazijakamilika, alitaka kumpa. Wakati ule, katika mahakama ya mwanzo, kura ya mshauri ilikuwa na uzito sawa na ya hakimu. Kura iliyomwangusha yule mwanamke ilikuwa yangu, na siwezi kusema kwamba sikujua ninachofanya.

Nilikuwa nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na tano, mingi kati ya hiyo hapa hapa Babati, Kiswahili na maarifa ya jamii. Nilipostaafu nilikuwa nakaa peke yangu Nangara, kwenye nyumba tuliyojenga na marehemu mume wangu. Ndipo wakaja kuniomba niwe mshauri wa mahakama. Walitaka mwanamke mwenye heshima zake, anayejua kuandika vizuri na anayezifahamu mila za huku. Kazi yenyewe ni kukaa ubavuni mwa hakimu, kusikiliza, kisha kutoa maoni yako na kuyaandika. Nilikubali siku hiyo hiyo. Nilipeleka vitenge viwili kwa fundi anishonee nguo za kukaa nazo mahakamani.

Hiyo heshima yangu ilikuwa na chanzo chake. Baba alipofariki nilikuwa na miaka thelathini na tisa. Aliacha shamba zuri Sigino, udongo mweusi unaoteremka taratibu mpaka kwenye korongo. Baada ya kumaliza matanga kikao cha ukoo kilikaa uani, na ndugu zangu wa kiume watatu wakagawiwa vipande vitatu. Mimi nilipewa kitanda cha mama na mbuzi jike mwenye mimba. Mjomba akaniuliza kama nina neno. Nikasema sina neno, mimi nina mshahara wangu na mume wangu, Mungu awabariki. Watu wakaguna kwa furaha. Mama mmoja akanishika mkono akasema wazazi wangu walizaa mtu.

Tangu siku hiyo nikawa mfano. Wasichana walipogombana na kaka zao waliambiwa, mtazameni mwalimu. Nilialikwa kusuluhisha familia za watu. Sifa hizo nilizivaa kwa zaidi ya miaka ishirini, na hakuna aliyejua kwamba kila nilipokwenda kumsalimu kaka yangu mkubwa wakati wa mavuno, nilikuwa nasimama mlangoni kwake nikitazama mahindi yaliyolundikwa, mpaka nashindwa kunywa uji alioniwekea wifi yangu.

Basi shauri lenyewe likaja. Yule mwanamke alikuwa na miaka kama thelathini na minne. Alikuwa akiuza chapati na maharage karibu na stendi, ana mume na watoto wawili. Kaka yake mkubwa, aliyekuwa msimamizi wa mirathi ya baba yao, alikuwa amegawa ekari tano baina yake na mdogo wake, na dada yao hakumwachia hata hatua moja. Dada akaweka pingamizi. Alikuja mahakamani na sweta la kijani na raba za kiume. Alikaa mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri basi ambalo tiketi yake anayo mfukoni. Hilo tu lilitosha kuniudhi.

Hakimu akamwuliza anadai kwa msingi gani.

"Mheshimiwa, lile shamba nimelilima tangu nina miaka tisa," alisema. "Kaka zangu walipokwenda machimboni, mimi ndiye niliyebaki na baba. Nimepalilia, nimevuna, nimefukuza tumbili. Baba alipougua nimemwogesha. Sidai la kwao. Nadai la kwangu."

Kaka yake aliposimama alisema yale niliyokuwa nayajua kwa moyo: ameolewa, ana kwao kwingine, mila zetu binti hapewi ardhi. Kisha akaninyooshea mkono.

"Na kama mahakama haiamini, imuulize mama mshauri pale. Tunamfahamu, ni wa Sigino. Baba yake alikuwa na shamba kubwa kuliko letu. Alipewa nini? Na mbona aliridhika, na sote tunamheshimu?"

Watu kwenye mabenchi wakacheka. Hakimu akagonga meza, akamwambia mshauri si shahidi, ajielekeze kwenye mambo yake. Lakini yule mwanamke alikuwa ameshanigeukia. Hakunitazama kwa ubaya. Alinitazama kama mtu anayefikiri swali aliloulizwa yeye, akasema kwa sauti ya chini, "Labda hakuomba."

Hakimu hakulisikia hilo, au alijifanya hakulisikia. Mimi nililisikia wiki nzima. Nililisikia nikiosha vyombo, nikichagua mboga sokoni, nikiwa kanisani mchungaji anahubiri mambo mengine kabisa.

Siku ya maoni tulikaa watatu ndani ya ofisi ya hakimu. Mshauri mwenzangu, mzee aliyekuwa bwana shamba zamani, alisema mila ni mila, binti hana fungu. Alimaliza kwa dakika mbili. Hakimu akasema yeye anaona tofauti, Katiba inamtambua binti kama mtoto mwingine yeyote. Halafu wote wawili wakanitazama mimi.

"Mama, fikiri vizuri," hakimu akaniambia. "Maoni yako ndiyo yatakayoamua."

Nilikuwa nimeshafikiri. Nilitoa karatasi niliyokuwa nimeiandika nyumbani, ukurasa mmoja na nusu, mwandiko wa ubaoni. Niliandika kuhusu amani ya ukoo, kuhusu shamba linalokatwakatwa mpaka linakuwa bustani. Niliandika kwamba binti mwenye heshima huridhika na alichopewa na wazee wake. Nilijua ninaandika vizuri. Nilijua pia kwamba hakuna neno hata moja ninaloliamini.

Nilimwonea wivu, basi. Nimetafuta neno la adabu zaidi nimelikosa. Kama angepewa, kwa kusimama tu na kusema nadai la kwangu, basi miaka yangu ishirini na zaidi ya kunyamaza ilikuwa ya nini? Ningekuwa mtu aliyekaa na njaa mbele ya sufuria, wakati kifuniko kilikuwa hakijafungwa. Nilitaka anyimwe ili mimi nisiwe mjinga.

Hukumu iliposomwa hakulia. Aliikunja nakala yake mara nne, akaiingiza ndani ya sweta.

"Nashukuru," akasema. "Nitakata rufaa."

Akaenda wilaya, akashindwa tena. Niliposikia nilifurahi, Mungu anisamehe, nikanunua kilo ya samaki wa ziwani nikamwalika jirani. Mwaka uliofuata nikasikia amekwenda Mahakama Kuu, na kwamba jalada lake limeangukia kwa jaji mwanamke.

Habari za jaji huyo tulikuwa tunazisikia. Kuna mjane aliyefukuzwa na mashemeji, jaji akamrudisha. Kuna mke ambaye jina lake halikuwemo kwenye hati ya nyumba, jaji akasema kupika, kulea na kuchota maji ya kumwagilia matofali ni kujenga. Wapo waliosema maneno kama hayo kabla yake, tena wengine wanaume, lakini hukumu zao zilibaki kwenye makabati ya wanasheria. Huyu alipenda kuandika kwa Kiswahili, Kiswahili ambacho mama anayeuza nyanya angeweza kumsomea mwenzake, na wanawake walikuwa wakizipiga picha kurasa zake kwa simu na kutumiana. Nilizipata kwenye kundi la wanawake wa kanisani. Nilikuwa nazisoma mpaka mwisho, halafu natafuta kosa la sarufi.

Mara nyingi nililikosa, na hilo liliniumiza kuliko yote. Alikuwa mdogo wangu kwa miaka kama minane. Alizaliwa kijijini kama mimi, mtoto wa mkulima kama mimi. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani tangu la kwanza hadi la saba, na sekondari nilikuwa wa pili kwa sababu ya hesabu tu. Nilipochaguliwa kuendelea na kidato cha tano, baba alisema ualimu unatosha kwa mtoto wa kike, na karo ikaenda kwa kaka. Nilisema sawa. Yeye, nilisikia, baba yake alisema hivyo hivyo, binti akakaa chini mlangoni kwa mkuu wa shule siku mbili mpaka mkuu akaenda mwenyewe kuzungumza na mzee. Sijui kama ni kweli. Kila niliyemsikia akiisimulia nilitamani kumziba mdomo.

Siku moja kwenye kikundi chetu cha kanisani, tukiwa tunamenya viazi kwa ajili ya harusi, nikasema, "Huyu jaji wenu anavunja nyumba za watu. Hata mume hana." Nilikuwa nimeiokota hiyo ya mume mahali fulani, sikuwa na hakika nayo.

Mjane mmoja, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akibishana, akaendelea kumenya kiazi chake.

"Mwalimu," akasema, "nyumba yangu mimi ilivunjwa na mashemeji. Yeye ndiye aliyenirudisha ndani."

Nikasema sikumaanisha hivyo. Akasema najua, mwalimu. Tukaendelea na viazi.

Hukumu ya yule mwanamke ilisomwa hapa hapa mjini. Nilipanda bajaji mapema, nikavaa nguo zangu za ushauri ingawa kazi yenyewe nilikuwa nimeshaiacha kwa sababu ya miguu. Nilikaa benchi la nyuma kabisa. Jaji alipoingia tulisimama, nikaona mtu mfupi, mwembamba, miwani imeteleza puani, anatembea kama mtu mwenye viatu vipya. Nilikuwa nimemwandalia sura kubwa zaidi kichwani mwangu. Alianza kusoma kwa sauti ya kawaida, kama mwalimu anayejua kwamba hana haja ya kupiga kelele, na chumba kizima kikatulia.

Alieleza historia ya shauri. Alipofika mahakama ya mwanzo, nikasogea ukingoni mwa benchi. Alimtaja hakimu, akataja maoni ya mshauri wa kwanza. Kisha akafunua ukurasa.

"Mshauri wa pili ameandika kwamba binti mwenye heshima huridhika," akasoma. "Nimeyarudia maoni haya mara tatu, kwa sababu yameandikwa kwa Kiswahili safi kuliko karatasi nyingine zote zilizomo katika jalada hili. Lakini sheria haimwulizi mtoto kama ameridhika. Inauliza kama amepewa."

Masikio yangu yaliwaka moto. Nilitaka kujificha chini ya benchi, na wakati huo huo nilitaka kusimama niseme, ni mimi, mwandiko ule ni wangu. Sijui kama kuna mtu amewahi kusifiwa na kupigwa kwa sentensi moja kama nilivyofanyiwa siku ile. Na sentensi yenyewe ilikuwa rahisi kiasi kwamba ningeweza kuiandika mimi. Nilikuwa na kalamu, nilikuwa na karatasi, nilikuwa na kura. Nafasi ilikuwa yangu kabla haijawa yake, nami niliitumia kumkomoa muuza chapati.

Aliposema rufaa imekubaliwa, shamba ligawiwe upya kwa watoto wote watatu sawa kwa sawa, wanawake wakaanza vigelegele, karani akawanyamazisha. Yule mwanamke alikuwa mbele. Sikuuona uso wake, niliona mabega yake tu yakishuka, taratibu, kama mtu anayetuliwa gunia.

Hukumu ile ilienea. Ilisomwa redioni. Mtoto wa kaka yangu mkubwa, binti yake wa mwisho, alikuwa mwaka wa kwanza wa sheria chuo kikuu, akanipigia simu akipiga kelele.

"Shangazi! Tumeisoma darasani leo! Mwalimu wetu anasema itakumbukwa. Na ni ya nyumbani kwetu, Sigino! Ila huyo mshauri wa pili, jamani, alikuwa mtu wa namna gani?"

"Alikuwa mtu mzima," nikasema. "Watu wazima wana mambo yao." Nikamwambia maji yamekatika, inabidi nikachote. Maji yalikuwa yanatoka.

Jaji alipokaribia kustaafu, vikundi vya wanawake vya mjini vilimwandalia mkutano wa kumuaga, kwenye ukumbi, kukawa na pilau na keki. Binti wa kaka alikuwa likizo, akaniburuta. Baada ya hotuba watu walipanga foleni kumsalimu. Nilikuwa nimejiandaa. Nilipanga kumwambia, mheshimiwa jaji, mimi ndiye mshauri wa pili, na kabla hajajibu ningemwambia kwamba kulikuwa na koma isiyo mahali pake kwenye aya yake ya kumi na moja, maana nilikuwa nimeipata hatimaye.

Foleni ikasogea. Alikuwa amechoka, alikuwa amevua viatu chini ya meza, nikaviona vidole vyake ndani ya soksi. Nilipofika mbele alinitazama, akaona mvi zangu, akainuka kidogo kwenye kiti.

"Shikamoo mama," akasema.

"Marahaba," nikajibu.

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akangoja kama nina la kusema. Mtu ananiamkia, tena bila viatu, nitamwambia habari za koma? Nikasema Mungu akutunze mwanangu, nikapisha aliyekuwa nyuma yangu. Binti wa kaka akapiga picha. Ninayo kwenye simu. Ndani yake mimi ndiye niliyesimama wima na jaji ndiye aliyeinama, na kila nikiitazama nasikia raha ambayo si nzuri, halafu inapita.

Miezi michache baadaye kaka yangu mkubwa akatuita Sigino. Alikuwa ameanza kusumbuliwa na nyonga na alitaka kugawa mali yake akiwa bado na akili zake, asiwaachie wanawe ugomvi. Tulikaa uani, pale pale alipokaa mjomba. Alikuwa ameandika kwenye daftari. Wanawe wawili wa kiume fungu lao, na binti zake wawili fungu lao, sawasawa. Yule wa sheria alipewa kipande cha karibu na barabara.

"Siku hizi ndivyo sheria ilivyo," kaka akasema, na alisema kwa majivuno, kama mtu aliyeitunga. "Mtoto ni mtoto."

Binti akaruka kumkumbatia. Wifi yangu akapiga kigelegele. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, nikilitazama lile shamba, kile kipande cha barabarani ambacho mama alinifundishia kupanda maharage, na wivu uliopanda siku ile ulikuwa mkubwa kuliko ule wa mahakamani. Huyu nampenda. Nilimnunulia daftari zake za kwanza. Na nilimtazama akicheka mikononi mwa baba yake nikatamani, kwa sekunde kadhaa, kwamba ile hukumu isingekuwepo.

"Na mimi?" nikasema.

Nilisema polepole, lakini wote walisikia. Kaka akanigeukia.

"Wewe nini, dada?"

"Mimi pia ni mtoto. Wa baba."

Mdogo wetu wa mwisho, ambaye naye alikuwepo, akacheka kidogo akifikiri natania, halafu akaacha. Kaka akafunga daftari lake.

"Dada, jambo lako liliisha zamani," akasema. "Wewe mwenyewe ulisema huna neno. Tumekusifu miaka yote hii."

"Sifa hazioti mahindi," nikasema. Sikujua nimeitoa wapi. Nikachukua mkoba wangu nikaondoka kabla chakula hakijaiva, jambo ambalo sijawahi kulifanya nyumbani kwa mtu.

Nilikaa siku nne ndani. Siku ya tano nilikwenda kumtafuta yule mwanamke. Hakuwa stendi tena, chapati alimwachia shemeji yake. Nilielekezwa shambani kwake, nikamkuta anachambua mbaazi chini, juu ya turubai, na binti yake mkubwa. Aliniona kwa mbali, akainuka, akafuta mikono.

"Shikamoo mwalimu. Karibu."

Akanipa ndoo nikakaa juu yake, akanipa maji. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani. Yakabaki machache.

"Nimekuja kukuambia kwamba mimi ndiye niliyekunyima," nikasema. "Hakimu alikuwa upande wako. Kura yangu ndiyo iliyokuangusha."

Akanitazama kwa mshangao.

"Mwalimu, najua. Nilikuwepo."

Binti yake akacheka, akaziba mdomo. Na mimi nikacheka, sikuweza kujizuia. Kisha nikamwambia lile ambalo halikuwemo kwenye karatasi yangu: kwamba nilimwonea wivu kwa vile alivyokaa kwenye benchi, kwamba alisema labda hakuomba na alikuwa amesema kweli.

Alichezea mbaazi viganjani.

"Mimi nilikuchukia," akasema. "Nilikuchukia sana. Nilikuwa nikikuona sokoni nabadilisha njia. Kaka zangu hata sikuwachukia hivyo, wao nilitegemea watanifanyia hivyo. Wewe nilidhani ukiniona utanielewa."

"Nilikuelewa. Ndiyo sababu."

Hakusema amenisamehe, na sikumwomba. Ila nilipomweleza habari za kaka zangu na kikao cha uani, alikunja uso kama fundi anayeletewa redio mbovu. Aliniuliza nani alikuwa msimamizi, karatasi zilifungwa lini, kama nilisaini. Nilikuwa nimesaini.

"Mahakamani utapata tabu," akasema. "Miaka imepita mingi, na umesaini. Lakini kaka zako wazima bado, si ndiyo? Waandikie. Wewe si unajua kuandika? Jaji mwenyewe alisema."

Kumbe na yeye alikuwa ameikumbuka ile sentensi.

Nikaandika. Barua moja, nakala tatu, kwa kaka yangu na wadogo zangu. Sikumtaja jaji wala Katiba. Niliandika kwamba siku ile uani nilisema uongo, kwamba nilikuwa na neno. Niliandika mahali ambapo tulikuwa tukipanda maharage na mama, na upande ambao mimi na kaka tulikuwa tukilala kulinda nguruwe pori tukiwa watoto. Niliandika kwamba siombi kama mtu mwenye shida, naomba kama mtoto wa yule mzee. Nilimpa binti wa kaka aipeleke, na kwa kuwa alitaka kujua ina nini, nikamruhusu aisome. Ilibidi pia nimwambie mshauri wa pili alikuwa nani. Akasema, "Shangazi, mbona hukuniambia?" Nikamwambia ndiyo nimeshamwambia.

Walikaa vikao viwili bila mimi. Mdogo wangu wa kati alikataa katakata. Alisema nikipewa mimi, shangazi zetu wote watafufuka kudai. Wa mwisho aliuliza mtu wa miaka sitini na tisa atalifanyia nini shamba. Kaka mkubwa, nimeambiwa, alisema machache sana, lakini kwenye kikao cha pili alikuja na barua yangu ndani ya Biblia, akasoma ile sehemu ya nguruwe pori, akashindwa kuimaliza, wifi ndiye aliyeimalizia.

Nimepewa nusu ekari. Kaka mkubwa na wa mwisho wamemega vipande vyao, wa kati hakutoa kitu na hadi leo tukikutana msibani ananisalimu akitazama pembeni. Kipande changu kiko upande wa juu, mawe mengi, mbali na korongo. Tuliandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa, nami safari hii nilisoma kila mstari kabla ya kusaini.

Nimepanda mahindi na mbaazi pamoja, kama watu wote wa huku. Namlipia kijana wa jirani siku za kulima, palizi nafanya mwenyewe, polepole, na kiti cha plastiki nakihamisha mstari kwa mstari. Nikichoka nakaa na kutazama chini, kwenye kipande cha binti wa kaka. Yeye yuko chuoni, amemkodisha mtu. Udongo wake ni mzuri zaidi. Mbaazi zake zimenipita kimo, na zimetangulia kutoa maua kwa wiki nzima, na yeye mwenyewe hata hajaja kuziona. Linaniudhi jambo hilo kila asubuhi. Juzi alinipigia kuniuliza shamba lake linaendeleaje. Nikamwambia linahitaji palizi, tena haraka, la kwangu liko vizuri zaidi. Halafu nikaona haya, nikashuka na jembe nikampalilia mistari miwili ya mwanzo.